Cheti Changu Ukutani kwa Mjomba

Simu ya kuniambia kuwa Mjomba Hezekia amefariki ilinikuta nimelala chali chini ya Fuso kwenye gereji moja ya Kilosa, nikitazama chesisi iliyopinda. Hiyo ndiyo kazi yangu: gari likianguka au duka likiungua, kampuni ya bima hunituma nikaitazame hasara na kusema ni kubwa kiasi gani. Nilimsikiliza dada yangu mpaka akamaliza kulia, nikamwambia nitafika nyumbani Mamboya kabla ya mazishi, kisha nikabaki pale pale chini, grisi ikinidondokea begani, kwa sababu sikujua nijisikieje. Nilimpenda mjomba wangu. Lakini pia upo mwaka mmoja wa ujana wangu ambao hadi leo nikiukumbuka hufungua kifungo cha shingoni nipate hewa. Watu wakiniuliza nilifikaje kwenye kazi hii, mwanamke wa milimani kulala chini ya malori, huwa nawajibu kwamba nilisomea. Ni kweli. Nisichowaambia ni kwamba kabla ya hapo nilifungwa, ingawa si jela. Nilifungwa kwenye fremu ya duka pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, geti likiwa wazi tangu asubuhi hadi jioni.

Nieleze kidogo habari za bima, maana bila hiyo mtu atadhani nadeka. Mjomba alikuwa wakala. Aliwakatia watu bima za magari, ile ndogo ya kumlipa utakayemgonga na ile kubwa inayolipa hata gari lako mwenyewe, na mara moja moja akapata duka au nyumba ya wageni ya kukatia bima ya moto. Alianza na meza na mwavuli pale stendi, enzi ambazo yeyote mwenye mdomo na kalamu aliweza kuuza stika za bima. Stika za bandia zikazagaa, watu wakagongwa wasilipwe, ndipo serikali ikakaza. Mamlaka inayosimamia bima ikatangaza kwamba wakala hatapewa leseni mpaka ofisi yake iwe na mtu aliyesomea bima na kufaulu. Jina la mtu huyo liandikishwe, cheti chake halisi kitundikwe mahali mteja anapokiona, na mwenyewe awepo wakati biashara inafanyika. Akiacha kazi, ofisi itoe taarifa na isiuze tena mpaka ipate mwingine. Wakaguzi wangepita bila kutoa taarifa. Ni sheria nzuri. Ningepewa mimi kuitunga leo ningeiandika vile vile. Mjomba, aliyeishia darasa la saba na aliyekiogopa Kiingereza cha mtihani kuliko simba, alinitazama mimi niliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani bila shughuli, akanipeleka Morogoro kusoma. Nilipofaulu alichinja mbuzi. Kisha akakichukua cheti changu, akakitia kwenye kioo, akakitundika Mikumi, na mimi nikahamia huko wiki hiyo hiyo.

Fremu ilikuwa na chumba cha mbele na cha nyuma. Cha mbele kilikuwa na kaunta, viti vya plastiki, feni iliyozunguka pale tu ilipotaka yenyewe, na ukuta wa rangi ya maziwa wenye picha ya rais, leseni ya Mjomba na cheti changu, vikiwa vimepangwa kwa utaratibu huo. Nyuma ndiko nilikolala. Kulikuwa na dirisha lenye nondo, na kwa kuwa nyumba ya wageni ya jirani ilijengwa karibu mno, dirisha lilitazama tofali. Nikiwa nimelala niliweza kunyoosha mkono nje ya nondo na kuligusa tofali la jirani, na jioni za joto lilikuwa na vuguvugu kama mkate. Mjomba mwenyewe alipanga upande wa pili wa barabara. Alikuja alfajiri, akafungua geti, akafagia mbele ya mlango kwa mikono yake, akasema, "Debora, kaa mahali pako." Mahali pangu ni stuli iliyo chini ya cheti. Hata choo, kilichokuwa nyuma kwenye nyumba ya wageni, nilikwenda yeye akiwa amesimama mlangoni kuangalia kama kuna gari linapaki linalofanana na la serikali. Alikuwa hapigi kelele na hakuwahi kuninyima chakula. Nadhani angekuwa mkali ningeondoka mapema.

Chakula kilitoka kwa Mama Zuhura, mwanamke wa Kisanga mwenye mgahawa fremu ya tatu kutoka yetu. Mjomba alikwenda kula kwake mezani, na mimi nililetewa sahani kaunta: wali na maharage, au ugali na mlenda, na siku madereva walipokuwa wengi, supu ya mbuzi yenye limao. Nilikula huku nikisikiliza. Ukuta kati ya fremu zile ulikuwa mwembamba na madereva wa malori hawajui kunong'ona. Nilijua nani kagonga nyati hifadhini na kuambiwa na askari wanyamapori alipe, nani ana mke Tunduma na mwingine Mbagala, nani kalala Ruaha Mbuyuni kwa sababu breki zimeleta mchezo. Watu wote waliopita mbele yangu mwaka ule walikuwa wanakwenda mahali. Walishuka, wakakojoa, wakala mahindi ya kuchoma, wakapanda, wakaondoka. Mama Zuhura alikuwa akija kuchukua sahani ananitazama na kutikisa kichwa. "Mwanangu, wewe hata jua hulioni. Utakuwa mweupe kama mche uliofunikwa kwa ndoo." Nilicheka naye. Akishaondoka nilikuwa naingia chumba cha nyuma na kulia dakika chache, kwa sauti ndogo, kisha nanawa na kurudi kwenye stuli.

Na lililozidi kunibana ni kwamba Mjomba alikuwa mtu safi. Nakumbuka mchana mmoja alikuja mwenye Canter ambayo ilikuwa imevaana na nyati asubuhi ile. Damu na manyoya vilikuwa bado kwenye bampa. Alitaka bima kubwa, na alitaka tarehe irudishwe nyuma siku moja. Alizungumza kwa upole, akiwa amekumbatia kofia yake. "Mzee, nani atajua? Nyati hatatoa ushahidi." Mjomba alimletea kiti, akamwagizia maji ya kunywa, akamwambia, "Ndugu yangu, nakuonea huruma kweli. Lakini hiki unachotaka ndicho kilichowafanya watu wa barabara hii wakose kulipwa miaka yote ile. Bima ni ya kesho. Ya jana siuzi." Yule bwana aliondoka akitukana, na Mjomba akanigeukia akiwa na uso wa mtu aliyetimiza wajibu. "Umeona? Ndiyo maana nataka uwepo. Ofisi hii haitafanya ujanja." Ningewezaje kumchukia? Alikuwa anaitii sheria kwa moyo wake wote, na kuitii kwake ndiko kulikonikalia kooni.

Wakati wa masika mto Mkondoa ulifurika ukaingia madukani Kilosa. Mteja wetu mmoja, mwenye duka la vitenge, alikuwa anapiga simu kila saa kwamba tumemtapeli, na mthamini aliyetumwa na kampuni akaomba aende na mtu aliyemwandikia bima. Ndiye mimi. Mjomba akafunga geti kwa kufuli, akakaa kwenye benchi nje, kwa kuwa bila mimi haruhusiwi kuuza, na hakuuza. Mthamini aliitwa Mzee Mfaume, mtu wa Kilosa mwenye kanzu fupi, buti za mvua na tochi shingoni. Njia nzima hadi Kilosa nilitoa mkono dirishani kama mtoto. Dukani tope lilikuwa limekauka ukutani na kuacha mstari uliofika kifuani kwangu. Mwenye duka alikuwa amekaa juu ya kreti, macho mekundu. "Nimelipa miaka yote. Leo mnaniambia maji hayamo?" Nilimkumbusha kwa adabu zote kwamba nilimsomea karatasi, kwamba ni moto tu na mafuriko aliyakataa mwenyewe. Akanijibu, "Binti, wakati unanisomea mto ulikuwa umelala." Mzee Mfaume alimulika tochi juu ya mstari wa tope, rafu za juu kabisa ambazo maji hayakufika, akaniita. Vitenge vya kule juu vilikuwa vimeungua kingo. Akafuata waya wa umeme kwa kidole hadi kwenye swichi iliyoyeyuka. "Huku chini ni maji," alisema. "Huku juu ni moto. Vya juu nitaviandika kama moto, wakitaka kubisha wabishe wao." Mwenye duka alishika kichwa kwa mikono miwili akaanza kulia upya, kwa namna nyingine.

Sijui kama ninaweza kueleza kilichonipata pale. Kazi ya ofisini ilikuwa kumwambia mtu kinachoweza kumpata. Kazi hii ilikuwa kwenda kuona kilichompata na kukisoma ukutani. Tulipokuwa tunakula chapati na chai ya tangawizi karibu na reli, nilimwuliza Mzee Mfaume mtu anajifunzaje kazi ile. Alinijibu, "Una jicho, nimeliona. Nahitaji mtu wa kumfundisha. Lakini anayeuza bima haruhusiwi kupima hasara. Serikali haitaki mtu mmoja akae pande zote mbili. Utoke kwanza kwa mjomba wako, jina lako liondolewe kule, ndipo uje." Alivyosema ilikuwa rahisi kama kuvuka barabara.

Nilimwambia Mjomba jioni ile ile, kabla hata ya kuvua viatu. Alisikiliza hadi mwisho. Kwetu milimani mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama: ndiye anayeitwa mtoto anapoposwa, anapougua, anapokosea. Mjomba alikunja miwani yake akaitia mfukoni. "Siwezi kukuachia," alisema. "Ukiondoka, ofisi inasimama." Nikasema atafute mwingine. "Nitamtoa wapi? Nimesomesha wewe." Nikamwomba aniandikie tu barua ya kuniachia, nitasubiri hadi apate mtu. Akasema, "Barua hiyo sitaiandika," na akaenda kwa Mama Zuhura kula. Nilimpigia mama. Nilisikia kuku wa nyumbani kwetu nyuma yake. "Debora, mwanangu, usimkosee mjomba wako," alisema. "Mimi siwezi kuingia hapo." Basi nikarudi kwenye stuli. Miezi iliyofuata sikumbuki siku moja moja, nakumbuka feni na tofali. Nilianza kuogopa kwamba nitazeeka pale chini ya jina langu mwenyewe. Nilikuwa najipangia jinsi nitakavyougua, ugonjwa usioua lakini unaomwondoa mtu kazini.

Kisha siku moja mkaguzi akaja kweli. Gari lilikuwa la kawaida tu, lisilo na alama, na Mjomba aliyelinda mlango mwaka mzima alimdhania mteja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi. Alijitambulisha, akakagua stika, akalinganisha namba, akauliza maswali na kuandika. Kila kitu kilikuwa sawa. Mjomba alijaa furaha, akasema mgeni hawezi kuondoka bila soda, akaenda mwenyewe kwa Mama Zuhura kutafuta ya baridi. Mkaguzi akakitazama cheti ukutani kisha akanitazama mimi.

"Ndiye wewe?"

"Ndiyo, ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Hongera. Ofisi chache nakuta mwenye cheti yupo kweli."

Nikamwambia naomba kuuliza. Akasema niulize.

"Mjomba akikataa kuniandikia barua ya kuniachia, mamlaka inaweza kumwamuru aiandike?"

"Barua ya kukuachia ya nini?"

"Ya kuniruhusu niache kazi."

Aliweka kalamu chini. "Nani amekwambia kuna barua kama hiyo?"

Nilimtafuta kichwani aliyeniambia, nikamkosa. Si mwalimu wa Morogoro, si Mzee Mfaume, wala Mjomba mwenyewe hakuwahi kusema kwamba serikali inaitaka. Nilikuwa nimeisoma sheria ya serikali kama ninavyosoma ya nyumbani, ambako mtoto hatoki mpaka mjomba atamke.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Usajili uko kwa jina lako, na cheti ni mali yako. Ukiacha kazi, unatuandikia wewe mwenyewe. Mistari miwili inatosha. Wa kuhangaika baada ya hapo ni yeye." Mjomba akaingia na soda mbili, moja ya mgeni na moja yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuninunulia soda.

Mtu angetegemea kwamba niliondoka siku hiyo. Sikuondoka. Mvua za vuli zilikuja zikapita na mimi nipo, na ile ndiyo sehemu ya mwaka iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa kuwa sasa nilijua hakuna aliyenishika. Nilikuwa nakitazama kile kioo kwenye msumari wake mmoja, kitu cha kuinua kwa vidole viwili, na mikono yangu haiinuki. Nilimwonea Mjomba huruma. Nilimwogopa mama. Niliogopa wazee wa Mamboya wangesema nini kanisani. Siku nilipokitungua haikuwa na sababu maalumu. Basi la Mbeya lilikuwa limesimama, abiria wananunua vitunguu, na msichana wa rika langu aliyekuja kuuliza choo kiko wapi aliniambia, bila nia yoyote, "Dada, wewe upo tu." Alipotoka nilipanda kwenye stuli. Nilishuka na cheti mkononi nikamkuta Mjomba amesimama mlangoni.

"Mjomba, nimeuliza," nilisema. "Sheria haihitaji barua yako."

"Najua," alisema.

"Ulijua?"

"Debora, lini nilikwambia nakuzuia kwa sheria? Nimekuzuia kwa sababu mimi ni mjomba wako." Akasogea pembeni, mlango ukabaki wazi. Akachukua kitambaa akaanza kufuta vumbi pale ukutani cheti kilipokuwa. Kisha akasema bila kugeuka, kwa sauti ile ile ya kuniambia nikae mahali pangu, "Nenda. Ila mimi sijakuruhusu."

Nikaenda. Ofisi ilifungwa siku hiyo hiyo, kama inavyotakiwa, na alikaa muda mrefu bila kazi mpaka akapata kijana wa kuajiri kutoka Lumuma. Mzee Mfaume alinifundisha kila ninachokijua. Nilisoma zaidi, nikapata leseni yangu, nikaolewa, nikajenga Kilosa. Kila nilipopanda Mamboya nilikwenda kumsalimia Mjomba. Nilisema shikamoo, akajibu marahaba, akaniuliza habari za watoto na za mvua za bondeni. Habari za kazi yangu hakuuliza hata mara moja. Mimi ni mtu mzima mwenye nywele nyeupe, nimesimama mahakamani kubishana na mawakili kuhusu maghala yaliyoungua, lakini kila nilipomaliza kusalimia nilikuwa nasubiri kidogo, labda leo atatamka.

Tulimzika siku ya mawingu, pale juu ambapo upepo hauachi. Matanga yalipomalizika wazee wakatuita uani. Kwetu jina la mjomba halizikwi; hupewa mtoto wa dada yake, na aliyepewa ndiye anayesimama badala yake. Wanaume wa ukoo waliobaki wako mbali au ni walevi, kwa hiyo baada ya kunong'onezana sana walinikalisha mimi mkekani, wakanipaka unga kwenye paji la uso, wakaniita Hezekia. Watoto wa dada zangu wakaanza kupita mmoja mmoja kunisalimia kwa cheo kipya. Wengine walicheka, na mimi nilicheka nao. Wa mwisho alikuwa Neema, binti wa mdogo wangu wa kike, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Nilifahamu kwamba yule kijana wa Lumuma aliacha kazi. Sikujua nani alishika nafasi yake, na sikuwa nimeuliza.

Neema alipiga magoti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Niko ofisini Mikumi, cheti ni changu. Marehemu ndiye aliyenisomesha." Alikuwa anaongea akitazama mkeka. "Nimepata chuo Dodoma, uuguzi. Niliomba kwake akakataa. Sasa naomba kwako."

Katika uwanja ule wote hakuna mtu aliyeijua sheria ya bima kuliko mimi. Nilijua kwamba mtoto yule hahitaji ruhusa ya mtu yeyote aliye hai, na nilifungua mdomo nimwambie hivyo. Kilichotoka kilikuwa: "Ofisini atabaki nani?"

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Neema hakuinua uso. Alijibu "Ndiyo, mjomba," polepole, akaanza kuokota kanga yake ili ainuke, na mabega yake yaliinama kwa namna ambayo mwili wangu unaikumbuka. Nilimshika mkono kabla hajasimama. Nikaona aibu, nikaona na hasira, na nilitamka kwa sauti ya kufika hadi kwa akina mama waliokuwa wakiosha masufuria. "Neema, nenda. Mimi mjomba wako nimekuruhusu." Alilia, na mimi nililia kuliko yeye, hata watu wakadhani ni kwa ajili ya marehemu.